Viatu vya baba mlangoni: uchambuzi wa kisa cha dereva wa basi na ratiba isiyojulikana

Aliyeanza kuliona ni mwalimu wa darasa la tatu. Mtoto akiitwa kusoma mbele ya wenzake anasoma vizuri, hakosei hata silabi, ila anasoma kwa kunong'ona. Akiambiwa apaze sauti, anapaza kwa sentensi moja kisha anarudi palepale. Mwalimu alidhani ni aibu. Baadaye akadhani ni masikio, akamwandikia mama barua ampeleke hospitali. Masikio yakaonekana mazima, na koo pia. Siku mama alipopeleka majibu shuleni, mwalimu alimuuliza mtoto mbele yake, "Nyumbani kwenu kuna mgonjwa?" Mtoto akajibu, "Hapana, mwalimu. Hatujui tu kama baba amelala."

Mtoto huyo ni mpwa wangu. Mama yake ni dada yangu tumbo moja, na baba yake anaendesha basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya. Kwa hiyo nisomwe kwa tahadhari, maana nimekula sana kwenye nyumba ninayoiandika, na mwanzoni nilikuwa na upande. Kazi yangu ya kila siku ni mambo ya ajira, kuandaa mikataba na kupanga zamu za watu katika ofisi moja hapa mjini, na hiyo ndiyo iliyonifanya nilichimbe jambo hili kuliko ambavyo ndugu wa kawaida angelichimba. Wenyewe wameniruhusu kuandika, mradi nisitaje majina yao wala kampuni.

Siku ya baba

Inabidi nianze na ilivyokuwa zamani, kwa sababu nikianza na matatizo mtu atasema, dereva wa basi, ulitegemea nini? Nyumba hii ilikuwa tulivu, na mwenye nyumba alikuwa dereva wa basi huyuhuyu, njia hiihii.

Tangu miaka ya 1990 mabasi ya abiria yalizuiwa kutembea usiku wa manane, sababu zikiwa ajali na ujambazi wa barabarani. Basi la Mbeya lilikuwa likitoka Dar saa 12 asubuhi, zamani pale Ubungo, na tangu 2021 kituo cha Magufuli, Mbezi. Safari ni kama kilomita 830: Chalinze, Morogoro, unapita hifadhi ya Mikumi, Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, unapanda Kitonga, Iringa, Mafinga, Makambako, hadi Uyole. Kwa mwendo usiovuka kilomita 80 kwa saa, pamoja na mizani, matuta na trafiki, unaingia Mbeya giza limeshashika. Dereva analala kule, kesho yake anashusha Dar, keshokutwa yuko nyumbani. Kupanda, kushuka, kupumzika.

Watoto waliihesabu kwa vidole vitatu. Kidole cha tatu kiliitwa siku ya baba. Siku hiyo zinapikwa ndizi, maana baba ni mtu wa Tukuyu na wali haumhesabii kama chakula, madaftari yote yanakaguliwa, na fundi bomba anaitwa siku hiyohiyo kwa kuwa mtu wa kubishana naye bei yupo. Dada alikuwa anakaanga maandazi na vitumbua kila alfajiri, na siku ya tatu mumewe alimbebea ndoo mpaka duka la Mangi. Mzunguko ule haukufuata wiki, leo unaangukia Jumapili, mara nyingine Jumatano, lakini ungemuuliza mtoto wa miaka sita baba anarudi lini, angetazama vidole vyake na kukujibu.

Kuanzia Oktoba 1, 2023 mabasi yakaruhusiwa tena kusafiri saa 24, kwa ratiba zinazoidhinishwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini. Sina ugomvi na uamuzi huo. Mfanyabiashara wa Makambako sasa analala ndani ya basi, asubuhi anaingia Kariakoo, jioni anarudi na mzigo wake bila kulipia gesti. Mwenye mgonjwa wa kumpeleka Muhimbili hasubiri kuche. Basi lilelile linapiga kazi zaidi. Na mwanzoni nyumbani kwa dada hakukuharibika kitu. Kampuni iliongeza gari la saa 11 jioni na la saa 3 usiku, madereva wakapangiwa zamu mpya, watoto wakajifunza hesabu mpya. Ilikuwa ngumu kidogo, lakini ilikuwa hesabu.

Mambo yaliharibika miezi michache baadaye, pale ratiba ya madereva ilipoacha kufuatana na ratiba ya mabasi.

Nani yupo karibu?

Abiria wakizidi, jioni hiyohiyo linaongezwa gari la pili. Lori likikwama Kitonga na kufunga njia, basi lililotakiwa kugeuza halijafika, na dereva wake amekwama nalo hukohuko. Mmoja akiugua anatafutwa wa kuziba pengo. Kwa safari inayozidi saa 8 LATRA inataka madereva wawili katika basi, kwa hiyo kila gari linaloongezwa linahitaji watu wawili, na kampuni haikuajiri madereva wapya kwa kadiri ilivyoongeza safari. Mpanga safari akawa anaandika kwenye kundi la WhatsApp: "Nani yupo karibu?"

Dada na mumewe walikuwa wamehamia Kibamba makusudi ili wawe karibu na kituo. Usiku barabara ikiwa nyeupe, bodaboda hadi Mbezi haifiki hata robo saa. Wenzake wanakaa Mbagala, Gongo la Mboto, mmoja Bunju. Mtu wa Bunju akiitwa saa 1 usiku kwa gari la saa 3, ana sababu ya foleni. Wa Kibamba hana sababu yoyote. Nyumba waliyoitafuta kwa miezi mitatu, wakalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo ili dereva apate usingizi wa ziada wa saa moja, ndiyo ikamfanya awe wa kwanza kuitwa kila mara.

Hapo ndipo nyumba ikaanza kunong'ona.

Ni vyumba viwili na sebule. Chumba cha kulala na sebule vinagawana ukuta mmoja, na juu ni bati bila dari. Saa 7 mchana bati likishachemka, mtu hulala humo kwa kujilazimisha, feni inasukuma tu joto kutoka kona hii kwenda ile. Dada alikunja kanga mbili akazipigilia misumari dirishani. Komeo la mlango wa uani akalizungushia kitambaa lisigonge. Kinu kikahamia kwa jirani. Watoto wakazoea kuvua ndala tangu barazani, kwa sababu ndala kwenye vigae inapiga makofi.

Watoto wenyewe walikuwa na njia yao ya kujua. Baba ana viatu vyeusi vya kazi ambavyo hupenda kuviacha kwenye ngazi ya mlango. Viatu vipo, baba amelala. Viatu havipo, pigeni kelele mtakavyo. Hakuna aliyewafundisha, walijitungia. Masika yalipoanza, dada akawa anaviingiza ndani visilowe, jambo ambalo mke yeyote angefanya. Kuanzia siku hiyo ngazi ikawa haisemi kitu. Mtoto anarudi shule alasiri, hakuna viatu nje, mama yuko sokoni, mlango wa chumbani umefungwa. Afanyeje? Wakachagua kunong'ona siku zote, hata zile ambazo baba yuko Mafinga ameshika usukani.

Nilimtania dada kwamba anawalea watoto kama wako maktaba. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa. "Nikimwamsha mimi hapa," akasema, "atakuja kulala kule barabarani, na watu wamekaa nyuma yake."

Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo sina. Kila aliyewahi kufanya kazi ya usiku anajua ule muda wa kuanzia saa 8 usiku hadi alfajiri, mwili unapodai haki yake bila kujali umekunywa kahawa ngapi. Dereva wa pili hulala kwenye viti vya mbele, lakini usingizi wa kukaa, unaokatwa na kila tuta, haumpumzishi mtu. Usingizi wa kweli ni ule wa nyumbani, na nyumbani upo mchana tu, chini ya bati. Ukilitazama hivyo, ukimya wa wale watoto ulikuwa sehemu ya usalama wa basi, kama breki na matairi. Tofauti ni kwamba breki zina mtu wa kuzilipia.

Vingine vilivyopotea navitaja haraka. Maandazi yaliisha. Jiko ni moja, na mume anayeingia saa 10 alfajiri anataka maji ya kuoga na chakula saa hiyohiyo ambayo mafuta yanatakiwa yawe yamechemka. Dada akakosa kupeleka mara mbili wiki moja, mara tatu wiki iliyofuata, Mangi akachukua mtu mwingine, naye simlaumu, mteja wa chai ya asubuhi hasubiri. Kwenye kikoba alikuwa katibu. Wanakutana Jumapili saa 10 jioni, akichelewa faini, asipokuja faini kubwa zaidi, mwishoni akaomba mwenyewe avuliwe ukatibu.

Lakini lililonitisha kuliko yote ni la msiba. Jirani wa nyumba ya tatu alifiwa na mama yake. Shemeji alikuwa nyumbani siku zote tatu za matanga, na kila mtu alijua yupo. Alikwenda asubuhi ya kwanza, akakaa kidogo kwenye turubai, simu ikaita, akaondoka. Safari yenyewe ikaahirishwa, akarudi nyumbani akalala kwa sababu huenda angeitwa usiku. Akaitwa usiku. Mtaani hilo halisameheki kirahisi. Dada alisikia kisimani mtu akisema, bila kumtaja mtu, kwamba na wao iko siku watafiwa.

Kikao cha kwanza

Tulikaa kwa mama yetu, Kimara, Jumamosi moja mchana. Bibi wa watoto wa upande wa baba alikuwa Tukuyu, akawekwa kwenye simu, sauti wazi, tukamwamkia wote kwa zamu kabla ya kuingia kwenye mada. Kilichokuwa mezani hakikuwa mtoto anayenong'ona. Dada alikuwa amesema neno zito zaidi, kwamba anaamini mumewe ana nyumba ndogo Mbeya.

Alikuwa na ushahidi wa aina ile ambayo kila nyumba ingekuwa nayo. Siku moja mume alisema anashusha usiku, akashuka kesho yake mchana. Siku nyingine simu ilizima tangu Igawa hadi Iringa. Mara ya tatu alisema amelala kwenye basi Mbeya kwa sababu vyumba vya madereva vilijaa, na shati lilikuwa limepigwa pasi. Kila moja ilikuwa na maelezo, na maelezo yote yalikuwa yanawezekana.

Ushauri uliotoka ulikuwa wa kizee. Bibi wa Tukuyu alisema mwanamke wa dereva ameolewa na barabara, avumilie. Mama yetu alimwambia shemeji, "Baba, jitahidi kupiga simu." Mjomba akasimulia habari za miaka yake ya reli. Shemeji aliapa. Dada alilia. Tukala pilau, tukaachana tukiwa tumeridhika kwamba jambo limezungumzwa.

Mimi nilitoka pale nikiwa nimemhukumu shemeji moyoni, ndiyo maana nimesema nilikuwa na upande. Nilichokuwa sijakiona ni kwamba ratiba ya zamani ilikuwa inamlinda. Wakati wa kupanda, kushuka na kupumzika, akichelewa saa tatu, saa tatu zile zinaonekana, anaulizwa, anajibu, yanaisha. Uongo ungekosa pa kujificha. Sasa hakuna saa inayotarajiwa, basi hakuna kuchelewa, na neno la kweli linasikika sawasawa na la uongo. Dada hakuwa na njia ya kumwamini mumewe hata kama angetaka. Tulimtaka avumilie wakati tatizo lake lilikuwa kwamba hana cha kuhesabia.

Daftari

Nilikutana na shemeji peke yake wiki mbili baadaye, tukala supu ya makongoro karibu na kituo. Simu yake ilikuwa mezani imeangalia juu. Kila ilipowaka aliacha kutafuna. Nikamuuliza kazi imemchosha kiasi gani. Akasema, "Shemeji, mimi kazi siiogopi. Naogopa simu."

Nikamwomba dada afanye jambo moja tu. Alikuwa na daftari la zamani la kikoba, kurasa za nyuma tupu. Aandike kila mume anapoondoka, anapoingia, aliambiwa saa ngapi kwamba ataondoka, na kama alikuwa amelala au yuko macho. Asimwandikie maoni, aandike saa tu. Alikubali, nadhani kwa sababu alitarajia daftari lingemfunga mumewe.

Tulilifungua baada ya wiki nne, sisi watatu, kwenye mkeka, usiku ambao haukuwa na simu. Kwenda na kurudi alikwenda mara nane. Kwa mzunguko wa zamani ingekuwa mara tisa. Saa za kuwa nyumbani zilikuwa nyingi kuliko zamani. Tulizihesabu mara mbili kwa sababu dada alikataa. Basi la usiku halina kulala Mbeya siku nzima, linapanda na kushuka haraka, halafu dereva yuko nyumbani anasubiri. Nyumba ilikuwa na baba mwingi kuliko ilivyowahi kuwa naye, na haikuwahi kumkosa kiasi hicho.

Safu iliyoeleza kila kitu ilikuwa ile ya aliambiwa saa ngapi. Katika safari nane, tano aliambiwa zikiwa zimebaki chini ya saa nne. Mbali na hizo nane, mara tatu aliitwa, akavaa, akafika kituoni, akakuta gari limeshapewa mwingine, akarudi. Hizo tatu hazionekani popote kwenye hesabu ya kampuni. Hazina posho wala karatasi, lakini kwenye daftari la dada kila moja imekula siku: chakula kilichofungashwa, mtoto aliyeambiwa aage, nauli ya bodaboda kwenda na kurudi, na usingizi uliokatwa katikati usiorudi tena.

Shemeji aliinama akaisoma safu ile kwa muda mrefu. Dada naye alikuwa anaisoma. Habari ya nyumba ndogo haikutajwa tena usiku ule, na sikumbuki nani alikuwa wa kwanza kuiacha.

Kupotea kwa wavuvi

Watu wa pwani wanajua mume wa kupotea usiku. Wavuvi wa taa, wa baharini na wa dagaa kule Ziwa Victoria, wanafanya kazi giza la mwezi. Mbalamwezi ikishakuwa kubwa samaki hawafuati taa, nyavu zinaanikwa, wanaume wako nyumbani. Wengine huenda dago, wanahama na vyombo vyao kwa miezi, upepo ukigeuka wanarudi. Mke anabaki na watoto, analima, anasuka ukili, anafanya biashara. Ni maisha magumu na sitaki kuyapamba. Ila mwezi hautumi ujumbe saa 1 usiku kuuliza nani yupo karibu. Harusi zinapangwa kwa kuutazama, na mtoto anajua baba akirudi ni lini.

Nimeliweka hapa kwa sababu mjadala wa kazi za saa zisizo za kawaida huangukia kwenye usiku na wingi wa saa, na sheria yetu nayo imesimama hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inahesabu vizuri sana: siku 6 kwa wiki, saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne na zilipwe mara moja na nusu. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, mapumziko ya saa 12 mfululizo. Kazi ya kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Nilipoweka daftari la dada mbele ya vifungu hivyo, nilipata makosa mawili matatu ya kweli, hasa zile saa 12. Lakini hata kama kampuni ingeyarekebisha yote kesho asubuhi, mtoto angeendelea kunong'ona. Mtu anayesubiri kuitwa anahesabika amepumzika. Kwenye karatasi saa zake zimenyooka.

Niliomba kuuona mkataba wake. Ukurasa mmoja, na mahali pa saa za kazi pameandikwa "kwa mujibu wa mahitaji ya kampuni". Kwa kazi yangu nimeshaandika sentensi za namna hiyo, nakiri. Huwa inaonekana haina madhara. Nilimshauri aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayosikiliza migogoro ya kazi, akacheka. "Ukishtaki, shemeji, hufukuzwi. Unapewa gari bovu." Nikaliacha, ingawa mpaka sasa nadhani alipaswa kwenda.

Wiki ya kuitwa

Wazo halikutoka kwangu, lilitoka kwa shemeji, na nadhani lilitoka kwenye lile daftari. Dharura hazitaisha, alisema, Kitonga itafungwa tu na magari yataharibika. Kinachoua ni kwamba kila dereva anasubiri dharura kila siku, wakati dharura moja inamhitaji mtu mmoja au wawili. Madereva wa njia ile kwa kampuni ile ni wanane. Wakae wawiliwawili. Wiki tatu kila jozi ina zamu zake zilizoandikwa, simu isiwapigie. Wiki ya nne jozi hiyo ndiyo deiwaka: gari likiongezwa, mtu akiugua, wanaitwa wao, saa yoyote, bila kunung'unika.

Mpango wa namna hii kwenye ofisi ningeuandaa asubuhi moja. Kwa wao ulichukua mwezi na nusu. Yule wa Bunju hakuutaka kabisa, kwa sababu nzuri: yeye hakuwa anaitwa, kwa hiyo alikuwa anapewa wiki mbaya ambayo hakuwahi kuwa nayo. Kijana mmoja ambaye hajaoa alilalamika kwamba anapoteza posho, maana alikuwa anajipenyeza kwenye kila gari la ziada ili amalize kiwanja chake. Walimpa ruhusa ya kununua wiki za kuitwa za wengine. Hilo sikulipenda, mtu mmoja kubeba usiku wa watu watatu, lakini ndilo lililopitisha mpango. Mpanga safari alipoonyeshwa karatasi aliisoma amesimama, akasema yeye hana shida, siku gari likikosa dereva karatasi hiyo itafungiwa vitumbua.

Nyumbani badiliko la kwanza lilikuwa la kijinga, na ndilo ninalolikumbuka. Dada alichukua kalenda ya bure ya duka la vifaa vya ujenzi, akaitundika sebuleni usawa wa macho ya yule mdogo. Siku za kupanda alama ya kijani, kushuka ya bluu, kulala mchana duara jekundu. Wiki ya kuitwa hakuipaka rangi yoyote, ameiacha nyeupe. Mtoto akitoka shule anapita hapo kwanza, anatazama, ndipo anaamua ataongea vipi. Na viatu vimerudi kwenye ngazi, hata mvua ikinyesha vinafunikwa na beseni.

Sitaki kusema mambo yamenyooka. Bati bado ni lilelile. Maandazi hayajarudi, Mangi ana mtu wake, sasa dada anauza mihogo ya nazi jioni katika zile wiki tatu. Desemba mpango ulivunjika kabisa. Watu wote wa Nyanda za Juu Kusini wanataka kula Krismasi kwao, magari yaliongezwa kila siku, kundi la WhatsApp likaanza tena kuuliza nani yupo karibu, na shemeji aliingia nyumbani siku ya pili ya Januari hajui tarehe. Waliurudisha mpango katikati ya mwezi. Dereva mmoja aliondoka, wakabaki saba, kwa hiyo jozi moja ni ya mtu mmoja na nusu, kama wanavyosema wenyewe.

Kisha kuna jambo ambalo nimelijadili na dada mara nyingi bila kuafikiana. Mimi naona mpango ule umegawa mzigo tu. Kila familia inabeba wiki moja mbaya ili kampuni isiajiri madereva wawili zaidi, na sasa wanaubeba kwa hiari na kwa karatasi waliyoichora wenyewe. Ningependa mkataba useme dereva aambiwe siku ngapi kabla, na akiitwa ghafla alipwe kwa kule kuitwa, gari liondoke lisiondoke. Zile mara tatu alizokwenda akarudi zikipata bei, nadhani mpanga safari atakuwa mwangalifu zaidi na simu yake. Dada anasema nina haki ya kuyasema hayo kwa sababu mimi nalala usiku. Yeye wiki moja nyeupe anaiweza, akiiona mapema inakotokea.

Mwalimu wa darasa la tatu anasema mtoto anasoma kwa sauti siku nyingine, siku nyingine hapana. Nilimuuliza kama zinalingana na kalenda ya sebuleni. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu.

Dada yake mkubwa yuko darasa la saba, mahafali ni Septemba. Ameipata tarehe, akaenda nayo moja kwa moja kwenye kalenda, akahesabu wiki kwa kalamu mpaka akafika: nyeupe. Hakusema kitu, aliichora nyota ndogo tu. Shemeji ameomba kubadilishana na yule kijana wa kiwanja, naye atampa safari zake mbili za Tunduma mwezi unaofuata. Ujumbe ameutuma tangu Jumanne. Tiki mbili za bluu zipo, jibu bado.